Mkalishe Mama Kwanza, Ndipo Umpime Presha

Kalisheni watu, nyie vijana. Naanza na hilo ili hata yule atakayechoka kusoma njiani awe ameshalipata. Mama mwenye mimba kubwa akija mbele yako, mkalishe kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikanyage chini, mkono wake uutulize mezani usawa wa moyo. Mwache apumue kwanza, na wewe ufunge mdomo. Simu iweke mfukoni. Ndipo umfunge kile kitambaa cha mashine. Najua mtasema huyu mzee anatufundisha a, e, i, o, u. Nawafundisha kwa sababu nimeona a, e, i, o, u ikiua mtu.

Nilikuwa daktari msaidizi. Cheo chenyewe siku hizi kinazimika, watoto wanasoma moja kwa moja mpaka udaktari kamili, na mimi sina neno na hilo. Nimefanya kazi mkoa huu huu: Ikola ziwani, kisha bonde la Mpimbwe kwa wakulima wa mpunga, halafu miaka mingi Mpanda, katika hospitali ambayo sitaitaja jina kwa kuwa waliobaki humo wanahitaji kula. Sasa nimestaafu. Nina shamba la mahindi Kasokola na nina hasira. Binti yangu hunisihi, "Baba, acha kukasirika, presha yako nayo itapanda." Namwambia ipande, mimi niko nimekaa.

Mnapoona vile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo mkajua kuna protini au hakuna, msidhani vilikuja na mvua. Nilipopelekwa Ikola nikiwa kijana, mkojo tulikuwa tunauchemsha. Unautia kwenye tyubu ya kioo, unaishika kwa kibanio juu ya moto, na ule mkojo wa juu ukichemka unaangalia kama unageuka mweupe. Ukigeuka, unadondoshea asidi kidogo. Weupe ukibaki palepale, hiyo ni protini, na huyo mama hutamwachia aende zake. Siku moja spiriti ya taa ya maabara ikaisha. Nikaazima jiko la mafuta ya taa nyumbani kwa mfawidhi wangu, mkuu wa kituo, nikachemsha mikojo ya kina mama wote wa kliniki, nikalirudisha jiko limefutwa vizuri. Mke wa mfawidhi alinusa, akanitazama, akasema kwa upole, "Daktari, hilo ndilo jiko la chai yako ya saa nne." Tangu siku hiyo chai nilikunywa kwa jirani.

Palepale Ikola niliwakataza wajawazito chumvi. Ndivyo tulivyofundishwa: mama amevimba miguu, presha imepanda, mnyime chumvi. Nikawa nahubiri chumvi kwa watu wanaoishi kwa samaki wa kukausha. Mama mmoja wa mwaloni, kule wanakoshushia na kukaushia samaki, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa Daktari, na pumzi nayo niache? Maana mimi chumvi naivuta kwa pua kutwa nzima." Watu walicheka mpaka nami nikacheka. Miaka ikapita, wakubwa wetu wakatuambia kumnyima mama chumvi hakuzuii ugonjwa huu hata kidogo. Hakuna aliyewarudia wale kina mama kuwaambia. Walikula ugali usio na ladha bure. Vivyo hivyo tuliwapa dawa za kukojoza ili uvimbe ushuke, na hizo pia zilikuwa kazi bure, zikiwakausha damu ambayo tayari ilikuwa imepungua maji. Kila kizazi cha madaktari kina dawa yake ya kuionea aibu. Ya kwenu bado hamjaijua tu.

Aliyenifundisha kazi kweli ni Daktari Lwiza, Mfipa mmoja mwembamba mwenye mdomo mchungu, niliyemkuta kwenye kituo cha afya kule Mpimbwe. Huyo hakuwahi kumwuliza mjamzito, "Unaona maruweruwe?" Alisema ukimwuliza mtu hivyo atakujibu lolote analodhani wewe unalitaka. Yeye aliuliza, "Mama, mchele unachambua?" Mama akisema ndiyo, anaendelea. "Jana ulichambua?" Mama akisema, "Jana nilimwachia mwanangu, mawe yalikuwa hayaonekani vizuri," Lwiza alikuwa ameshasimama. Mwanamke wa Mpimbwe aliyezaliwa kwenye mpunga, akishindwa kuona jiwe kwenye ungo wakati wa mchana, macho yake yana habari kutoka kwenye ubongo. Hali kadhalika hakuuliza, "Unaumwa kichwa?" maana nani hapa kwetu haumwi kichwa. Aliuliza, "Kichwa hiki kimekuzuia kazi gani?" Na alibonyeza kwa vidole chini ya mbavu za kulia, taratibu, huku akimtazama mama usoni na si tumboni. Maumivu ya pale si vidonda vya tumbo wala si njaa. Ini linavimba.

Ugonjwa wenyewe muuelewe hivi. Unatoka kwenye kondo la nyuma. Mimba ikikomaa, kondo lisilojishika vizuri linamwaga sumu kwenye damu ya mama, mishipa inabana, presha inapanda, figo zinavujisha protini, na mwisho ubongo unakasirika na mama anaanguka kifafa cha mimba. Mia na arobaini kwa tisini unaanza kumwangalia. Mia na sitini kwa mia na kumi unashusha sasa hivi, si baada ya chai: nifedipini ya kumeza au hidralazini ya mshipani. Lakini usiishushe kwa pupa, maana mtoto tumboni analishwa kwa presha hiyohiyo. Magnesiamu si ya presha, ni ya kuzuia degedege, na inatakiwa itolewe kamili. Nimeona manesi wazuri kabisa wakitoa nusu kwa kuogopa kumzima mama pumzi. Dozi ya woga si dozi. Toa kamili, halafu kaa naye: piga goti kwa nyundo, hesabu pumzi, tazama mfuko wa mkojo. Goti likinyamaza, simamisha dawa na uwe na kalsiamu karibu, ndiyo inayoizima. Basi. Hakuna uchawi hapo.

Na dawa ya kuumaliza ni moja tu, kuzaa. Vingine vyote ni kuzuia moto usisambae. Kwa hiyo kazi ngumu ya daktari si sindano, ni kuamua. Mimba ikitimia wiki thelathini na saba, humngojei mtu, unamwanzishia uchungu. Ikiwa bado, na mama yuko salama, unamweka karibu na macho yako, mtoto akomae mapafu, ukipima na kupima. Uamuzi wote huo unasimama juu ya namba. Namba ikiwa ya uongo, kila kitu ulichojengea juu yake ni uongo pia.

Sasa nifike nilipokuwa nakwenda.

Hospitali yetu ya Mpanda ilikuwa na nyumba ya kusubiria. Akina mama wa mbali, wenye mimba za wasiwasi, walikaa humo mpaka siku zao zitimie, wakijipikia nje, wakisukana, wakigombania kamba ya kuanikia kanga. Ni kitu kizuri. Mtu wa Mpimbwe au wa mwambao akisubiri uchungu nyumbani kwake, njia tu inaweza kummaliza. Ndani ya nyumba hiyo, kwenye kona ya kupimia, palikuwa na viti viwili vya plastiki na kimeza. Nasema palikuwa. Wakati fulani walikuja wageni wa kukagua jengo jipya, viti vya hospitali nzima vikakusanywa ukumbini ili wageni wakae na wasindikizaji wao nao wakae. Wageni waliondoka. Vile viti viwili vikabaki ofisini kwa wakubwa, wakaviona vinafaa. Nesi wa zamu akawa anawapima akina mama palepale walipolala, kitanda hadi kitanda. Nilidai viti kikaoni nikajibiwa vitaagizwa.

Na wamelalaje? Wamelalia ubavu wa kushoto. Sisi ndio tuliowaambia, na tuliwaambia vizuri, kwa sababu ukilala chali mimba kubwa inabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mama akilalia kushoto, damu inapita, mtoto anapumua. Lakini hebu jaribu mwenyewe leo jioni. Lalia kushoto, mkono wa kulia uwe juu, pimwa presha kwenye mkono huo wa juu. Halafu kaa, upimwe tena. Mkono ulioinuliwa juu ya moyo unatoa namba ndogo. Mama hajapona, ni mkono tu umepanda juu. Tofauti hiyo inatosha kumgeuza mgonjwa wa hatari kuwa mtu wa kwenda nyumbani.

Madaktari tulikuwa hatujaishika. Wanawake wa nyumba ya kusubiria walikuwa wameishika zamani, bila kitabu. Waliona kwamba ukikaa namba inapanda, ukilala namba inashuka, na ukitoa mkono wa juu inashuka zaidi. Na kila mmoja wao alikuwa na jambo nyumbani: watoto walioachwa na jirani, mume asiyejua chungu kinabandikwaje, shamba. Wakafundishana kama mnavyofundishana njia za mkato.

Leokadia alikuja kwetu kutoka Mpimbwe na mimba ya kwanza. Msichana mrefu, mcheshi, mke wa kijana mmoja anaitwa Deo. Presha yake ilikuwa juu, protini ipo, wiki za mimba bado kidogo. Tukamweka nyumba ya kusubiria, tukampa vidonge, tukapanga akifikisha wiki thelathini na saba tumwanzishie uchungu. Nilimwuliza swali la Lwiza, akanijibu huku anacheka, "Baba, mchele nachambua hadi wa wenzangu. Humu ndani wavivu." Alikuwa kweli anachambua. Siku zile alikuwa bado mzima.

Ilikuwa msimu mpunga unaweka punje. Nyie mliokulia mjini hamjui maana yake. Maana yake ni ndege. Wanashuka kundi zima, na shamba lisilo na mtu wa kuamia, mtu wa kupiga kelele na kurusha udongo tangu jua linapochomoza hadi linapozama, linaisha kwa siku chache. Mama yake Leokadia, Mama Skola, ni mjane, na Leokadia ndiye mtoto wake pekee aliyekuwa karibu. Alipiga simu ya jirani akamwambia mwanawe, "Ndege wananimaliza. Madaktari wakikuruhusu, njoo hata ukae tu kwenye kichuguu upige debe." Nawaomba msiruke maneno hayo. Alisema wakikuruhusu.

Leokadia akalalia kushoto, akatoa mkono wa juu.

Daktari wa zamu wiki ile alikuwa Beni, kijana mwenye akili na adabu, ametoka chuo karibuni. Mimi nilikuwa chumba cha upasuaji. Beni aliona namba zimeshuka, leo, kesho, keshokutwa. Akafurahi, vidonge vimefanya kazi. Leokadia akamwomba ruhusa, akampa, pamoja na vidonge vya wiki moja na onyo la kurudi kabla havijaisha. Mimi simlaumu Beni kama wengine wanavyodhani nitamlaumu. Alisoma namba aliyoletewa. Kosa lake ni la vijana wote: aliiamini namba kuliko alivyoiuliza imepatikanaje. Protini haikuwa imekwenda popote. Mtu mwenye protini ile haruhusiwi kwenda kupigia ndege debe hata presha yake ikiwa kama ya kwangu nikiwa usingizini.

Akakaa kwenye kichuguu chini ya jua. Siku ya tatu kichwa kikaanza kumgonga. Mama yake akasema ni jua, akamfunga kitambaa chenye maji. Siku ya nne akasema hawaoni ndege vizuri mpaka waruke. Mama Skola aliniambia hayo mwenyewe baadaye, na aliyasema kama mtu anayejichoma. Akaanguka kifafa asubuhi, kweupe, katikati ya mpunga. Wakamtia kijiko mdomoni. Nawaambia na nyie muwaambie watu: msitie kijiko, mlaze ubavu, ondoeni mawe, mkimbizeni. Bodaboda ikambeba akiwa katikati ya dereva na mjomba wake mpaka kituo cha afya. Pale wakampa magnesiamu ya kwanza, na nawashukuru, walimpa kamili. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshampeleka mwingine. Wakapata pikapu ya mfanyabiashara wa mchele.

Alitufikia mchana ameshaanguka mara tatu njiani. Hapo ndipo nilipomwona tena. Uso ulikuwa umevimba mpaka nikamtambua kwa urefu wake. Tulifanya yote mnayofundishwa, na tuliyafanya kwa mpangilio: njia ya hewa, oksijeni, mpira wa mkojo, magnesiamu, hidralazini taratibu. Mkojo ulikuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Presha iliposhuka kidogo tukampasua. Mtoto alitoka wa kike, mdogo, akalia mwenyewe. Beni ndiye aliyempokea. Leokadia hakuamka. Damu ilikuwa imeshavujia kwenye ubongo, na sisi wote tuliosimama pale tuliijua ile pumzi. Alikufa siku iliyofuata kabla ya misa ya mchana, na mpaka leo nikisikia kengele ya kanisa saa hizo natoka nje ya nyumba.

Baada ya maziko nilikwenda nyumba ya kusubiria. Palikuwa na mama mmoja wa Sitalike, Mama Ezekieli, mwenye mimba ya nne na presha ya kupanda na kushuka. Nikamwambia nataka kumpima. Hata sijamaliza, akajigeuza kushoto, akanyoosha mkono wa juu, bila hata kufikiri. Nikapima, nzuri. Nikamwambia, "Sasa kaa. Egemea ukuta." Akanitazama.

"Baba Daktari, ukinikalisha utanizuia."

"Nitakuzuia nini?"

"Kwenda kwangu. Ukikaa ile kitu inapanda. Wote tunajua."

"Na Leokadia alijua?"

Akajifunika kanga usoni. "Tulimfundisha sisi. Alikuwa analia kwa ajili ya shamba la mama yake, tukamwonea huruma."

Nilimkalisha. Namba ilipanda mpaka nikampeleka wodini siku hiyohiyo. Alijifungua salama, na sasa ana mtoto anayekimbia. Huyo aliokolewa na ukuta wa kuegemea, kwa vile kiti hakikuwepo.

Tukaingia kwenye kikao cha kujadili kifo. Kila mama anapokufa tunakaa na kuuliza kwa nini, na hilo ni jambo jema mno likifanywa kweli. Nikaeleza mambo ya mkono na ubavu. Nikaeleza habari ya viti. Mganga mfawidhi alinisikiliza akizungusha kalamu, kisha akasema kilichochangia kifo kitaandikwa kuwa mgonjwa alichelewa kufika.

Nikamwuliza, "Alichelewa kufika wapi? Si alikuwa hapa?"

"Mzee, aliondoka kwa ruhusa, akarudi amechelewa. Hapo kuna uongo?"

Hapakuwa na uongo. Ndiyo maana liliniuma. Uongo ungepingika.

"Na viti?"

"Viti vinaingiaje kwenye kifo?" akasema, na watu wawili watatu wakacheka. Alikuwa amekalia kimojawapo. Beni alikuwa ameinamisha kichwa. Ikapita hivyo. Nasikia hata kwenye mikutano ya mkoa tulisifiwa kwa kuwahi kuwasilisha taarifa.

Lakini neno hilo halikukaa kikaoni. Ndugu walikuwa wameshaambiwa siku walipokabidhiwa maiti: poleni, ila mlichelewa kumleta. Ni sentensi rahisi kuisema. Mmeshaanza kuisema nyie pia, nimewasikia.

Mpunga ulipovunwa Mama Skola alikuja kunitafuta Mpanda. Mwanamke mfupi, amekonda, amevaa kaniki. Alibeba mchele mpya kwenye ndoo yenye mfuniko, akauweka miguuni pangu, akapiga goti kabla sijamzuia.

"Baba, nimekuja kushukuru kwa ajili ya mtoto. Na nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini, Mama?"

"Tulimchelewesha. Mlifanya kazi yote ile, na sisi tulikuwa tumeshamwua. Mimi ndiye niliyemwita."

Nimezika wazazi wangu wawili na mke wangu. Sijawahi kuona haya kama nilivyoona pale, na hasira ikanipanda juu ya haya. Nikamwinua, nikamkalisha kitandani maana pale wodini nako kiti hakikuwepo, nikamweleza yote. Nilimwambia presha ya mwanawe ilipimwa vibaya. Nilimwambia mtu mwenye ugonjwa ule hakutakiwa kuruhusiwa hata kama angeomba kwa machozi, na kwamba kukataa ilikuwa kazi yetu, si yake.

Akajifuta vumbi magotini.

"Kwa hiyo siku ile angekuwa hapa hapa."

"Hapa hapa."

"Na angepona."

"Ninaamini angepona, Mama."

Hakulia. Akasema, "Basi twende ukawaambie. Mkwe wangu amenizuia mtoto. Wanasema mikono iliyomwita mama yake isimshike."

Mfawidhi alipopata habari alinionya nisiende, nitaichafulia hospitali jina. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, sikuona cha kunitisha. Jumapili iliyofuata tukaenda Mpimbwe, mimi na Mama Skola.

Deo alikuwa na baba yake, dada yake na wazee wawili wa ukoo, wamekaa barazani. Walinipa kigoda. Mama Skola alikaa mbali, pembeni, uso ameugeuzia upande kama heshima ya ukwe inavyotaka. Nikasema. Sikutumia maneno ya kitabu. Nikawaambia hakuchelewa, alikuwa mikononi mwetu na tukamwachia, na mama huyu alisema aje kama tukimruhusu. Nikawaambia namba ilikuwa ya uongo, na kwa nini.

Baba yake Deo aliuliza, "Daktari, siku ya maiti kwa nini hamkusema?"

"Aliyesema nanyi siku ile alisema alichoambiwa aseme, Mzee."

Wazee wakatazamana. Deo aliinuka akaingia ndani. Akatoka na mtoto amemfunga kwenye kitenge, akampa dada yake, na dada akavuka uwanja akampakatisha Mama Skola, kwa kuwa mkwe hakabidhiani kitu na mama mkwe mkono kwa mkono. Yule bibi alimwinamia mtoto mpaka sikumwona uso. Baba yake Deo akasema, "Mama, nyumba ni yako." Nikashusha pumzi. Kwa dakika ile nilidhani nimefanya kazi njema kuliko zote za maisha yangu.

Mtoto alikuwa mwembamba, amepauka. Macho ya kazi hayastaafu, nikaanza kumkagua kwa mbali. Nikamwuliza Deo, "Chanjo zake zimefika wapi? Kliniki anakwenda lini?"

Deo hakukasirika, wala hakupandisha sauti.

"Mama yake alikwenda kliniki zote, Daktari," akasema. "Hakukosa hata moja." Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Huyu mkiona hajaja, andikeni amechelewa."